Kaka, sini ya dalali bado ninayo

Kaka, simu yako inaita mpaka inakata, basi naandika huku, anayesoma asome.

Ule usiku geto kwako umeme umerudi saa nane tukaweka ile filamu ya Kijerumani ya 1930, Die Drei von der Tankstelle, marafiki watatu wanatoka matembezi wanakuta wamefilisika, dalali wa mahakama anatoa fenicha na wao wanamwimbia kwa adabu zote, kisha wanauza gari wanafungua sheli. Ulicheka mpaka ukalala chini. Mimi nilinyamaza maana kabati la mama lilitoka hivyohivyo nikiwa darasa la tano, ukanishika bega ukasema hiyo tunaitengeneza yetu. Hilo bega silisahau.

Tukatengeneza, na mama akakubali kucheza mwenyewe pale mlangoni, kwenye sini ya dalali. Halafu ule mchana ofisini yule bwana akasema umaskini umezidi, toeni dalali. Nilikuwa kiti cha pembeni yako kaka. Hukunigeukia hata kidogo, ukasema sawa mzee tunatoa.

Siku ya kuonyesha mama kavaa khanga mpya, kaleta na majirani wawili. Filamu ikaisha akaniuliza, mimi niko wapi?

We unaambia watu ilikuwa komedi tu, kukata kidogo kuna ubaya gani. Ile ya sheli nayo ilikuwa komedi tu, nyimbo na mapenzi, siasa hamna, na Wanazi wakaipiga marufuku 1937 kwa sababu wengi walioitengeneza walikuwa Wayahudi. Heymann aliyetunga zile nyimbo alishakimbia Ujerumani 1933. Na yule mnene aliyecheza wakili, Kurt Gerron, uliyekuwa unamuigiza sauti, walimuua Auschwitz 1944. Nilisoma hayo baadaye, sikukwambia maana ulikuwa na furaha sana wiki ile.

Siku nyingine ukiambiwa toa, omba hata siku mbili, muulize mwenzako. Mimi ningeulizwa ningesema hapana. Najua utasema mbona pale ofisini nilikaa kimya, we ndo ulikuwa mkubwa, ningekukatisha vipi mbele ya mtu? Na mama sikumwambia mapema kwa sababu nilijua utairudisha ile sini, kweli nilijua. Na flashi yenye ile sini sikuiba, ningekuachia ungefuta.

Nasikia mtoto ameanza kutembea, hongera sana kaka. Mama anakuulizia kila Ijumaa, sini yake hajaiona bado, nataka aione ukiwepo.