Kabla ya Machu Picchu, twende Elgon kwanza

Wateja wetu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru wanaotaka kutembea kwa miguu hadi Machu Picchu, magofu ya mji wa Inca kule Peru, huanza na swali la bei, kisha la visa, kisha la baridi. Yote ni maswali ya haki. Lakini kabla hujatoa malipo ya kwanza, tunakuomba jambo moja: twende Mlima Elgon siku tatu, tuuone mwili wako ukiwa juu.

Njia ya Inca kule Peru ni matembezi ya siku nne, karibu kilomita 43, kuanzia mahali paitwapo Kilometa 82 kando ya mto Urubamba. Sehemu yake ya juu kabisa ni kipito (mahali pa kuvukia mlima) cha Warmiwañusca, mita 4,215 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Koitoboss, upande wetu wa Elgon, kina mita 4,222. Yaani mtihani mgumu zaidi wa safari ile uko hapa Trans Nzoia, na ukishindwa hapa unarudi nyumbani kwa matatu, si kwa machela katikati ya milima ya Andes.

Kisumu iko karibu mita 1,130. Ukifika mita 4,200, kila pumzi unayovuta inakupa takriban asilimia 60 ya oksijeni anayoipata mtu wa Mombasa. Mwili una njia zake za kuzoea, lakini huzoea kwa siku, si kwa saa, na kila mtu ana kasi yake. Mazoezi ya gym hayakukingi. Kukimbia asubuhi kando ya ziwa kunajenga miguu na moyo, na tunakusihi uendelee, ila ugonjwa wa mwinuko unampata mwanariadha sawa na unavyompata karani. Vijana wenye nguvu ndio tunaowatazama zaidi, kwa sababu hupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Anayeishi Iten au Eldoret ana nafuu kidogo, lakini hata Iten, kwenye mita 2,400, bado ni mbali na mita 4,200.

Kinachotabiri vizuri zaidi jinsi utakavyokuwa juu ni jinsi ulivyokuwa mara iliyopita ulipokuwa juu. Ndiyo maana ya Elgon.

Tunachokiangalia huko Elgon

Tunapitia Kitale na Endebess hadi lango la Chorlim. Usiku wa kwanza tunalala chini, karibu na lango, tukipata nafasi ya kuingia pango la Kitum ambako tembo huja usiku kuchokonoa chumvi ukutani. Siku ya pili tunapanda kupitia msitu hadi nyasi za juu zenye lobelia kubwa, na ya tatu ni Koitoboss na kurudi. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki hutembea nasi kwa ajili ya nyati na tembo.

Mwelekezi wetu hakupimi kwa saa. Anakuuliza habari za watoto, za shamba, za mechi ya Gor Mahia, na anasikiliza. Ukimaliza sentensi nzima bila kukatika, mwendo wako ni sawa. Ukijibu kwa neno mojamoja, tunapunguza, hata kama wewe mwenyewe unasema huna neno. Jioni anaangalia sahani: anayesukuma ugali pembeni na kusema hana njaa anaandikwa kwenye daftari. Asubuhi maswali ni matatu: kichwa kinauma? ulilala? umekojoa mara ngapi, na rangi gani? Mtu mzima hapendi kuulizwa hilo la mwisho mbele za watu, kwa hivyo tunamuuliza faragha, lakini lazima aulizwe.

Kichwa kuuma kidogo siku ya pili ni kawaida. Kichwa kisichotulia kwa dawa, kutapika, au kizunguzungu kinakurudisha chini siku hiyohiyo. Mtu anayetembea kama mlevi, anayechanganya maneno, au anayehema akiwa ameketi tu, huyo hatungojei asubuhi. Anashushwa usiku huohuo, hata mvua ikinyesha. Peru watafanya vivyo hivyo.

Ukisumbuka Elgon, hatukuambii usahau safari. Tunakuambia umwone daktari, ambaye anaweza kukuandikia acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Usijinunulie dawa hiyo dukani kwa kusikia. Pia tunaongeza siku za kuzoea kule Peru. Ndege ya kutoka Lima, karibu na bahari, inakutua Cusco kwenye mita 3,400 kwa muda wa saa moja na kitu. Hapo ndipo wageni wengi huangukia. Ratiba zetu zinakuteremsha moja kwa moja hadi Ollantaytambo, karibu mita 2,800, ulale huko usiku mbili kabla ya kutazama Cusco yenyewe.

Selimundu na malaria

Sehemu hii haimo katika makala za wageni kuhusu Njia ya Inca, kwa sababu hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mtu wa kanda ya Ziwa. Sisi tunaiandika kwa herufi kubwa kwenye fomu yetu.

Nyanza na Magharibi kuna watu wengi waliorithi selimundu, yaani sickle cell. Vinasaba hivyo vilienea kwetu kwa kuwa aliyevipata kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali utotoni. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ana ugonjwa wenyewe, na huyo hatumpandishi mita 4,000 kwa malipo yoyote: oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo. Aliyerithi upande mmoja huishi bila dalili yoyote, na mara nyingi hajui. Wengi wa hao hupanda milima wakarudi salama. Lakini madaktari wanajua kwamba baadhi yao, wakiwa juu, wengu hukosa damu na kuharibika. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, pamoja na kichefuchefu. Mwelekezi wa Andes ambaye hajawahi kukutana na jambo hilo atadhani chakula kimekudhuru, akupe chai na kukuambia upumzike.

Kwa hivyo tunataka kipimo cha selimundu kutoka kwa kila mteja, hata mzee wa miaka 60 aliyepita maisha yake yote bila kujua. Ni kipimo cha damu cha kawaida hospitalini. Ukionekana una upande mmoja, kaa na daktari, amua naye, na ukienda tunaliandika jambo hilo kwa Kihispania kwenye kadi utakayoivaa shingoni.

Malaria nayo husafiri nawe. Vimelea hukaa mwilini wiki moja, mbili au zaidi kabla homa haijaanza. Unaweza kuumwa na mbu Ahero, ukapanda ndege ukiwa mzima, homa ikakukuta Cusco. Kule juu hakuna malaria. Daktari akimwona mgeni anayeumwa kichwa na kutapika, wazo lake la kwanza litakuwa mwinuko. Sema mwenyewe, tena kwa sauti: nimetoka eneo la malaria, nipimeni. Joto kali la mwili na kutetemeka si dalili za kawaida za mwinuko. Lala ndani ya neti kila usiku katika wiki zile za mwisho, hata kama una mengi ya kufunganya.

Wenye presha, kisukari au pumu wengi wanaweza kwenda, mradi daktari ajue wanakwenda wapi. Mama mjamzito asubiri.

Magoti, buti na mzigo

Watu huogopa siku ya pili, ya kupanda Warmiwañusca. Sisi tunahofia zaidi siku ya tatu. Siku hiyo unavuka kipito cha pili, Runkurakay, unapita magofu ya Sayacmarca na Phuyupatamarca, kisha unateremka ngazi za mawe hadi Wiñay Wayna, karibu mita 1,300 chini ya kipito kile. Ngazi hizo hazilingani, nyingine zinafika gotini, na mvua ikinyesha zinateleza. Kuteremka huumiza paja na goti kwa namna ambayo kupanda hakukuandai.

Basi fanya mazoezi ya kushuka. Ukiwa Kisumu, panda matatu hadi juu ya kilima cha Riat na urudi mjini kwa miguu. Ukiwa Nakuru, shuka na kupanda njia za Menengai. Tafuta jengo la ghorofa tano lenye mlinzi mwelewa. Tia paketi tatu za unga za kilo mbili ndani ya begi la mgongoni: huo ndio uzito utakaoubeba, pamoja na maji, kwa kuwa begi kubwa hubebwa na mpagazi. Kwa kawaida mpagazi hupokea kilo 7 tu kutoka kwako, ikiwamo begi la kulalia. Usimlaghai kwa kuficha viatu vya ziada. Mgongo ule ni wa mtu.

Buti nzuri unaweza kuzipata Kibuye, Jumapili, kwenye mitumba, kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Ila kuna jambo. Buti iliyokaa ghalani miaka mingi inaweza kuonekana mpya na bado ikawa imeoza ndani ya soli. Ile povu iliyo kati ya soli ngumu na ngozi huchakaa yenyewe hata bila kuvaliwa. Ishike, bonyeza povu hiyo kwa kucha ya kidole gumba kuzunguka kiatu kizima. Ikimeng'enyuka au ikiacha ungaunga kwenye kidole, irudishe. Kisha ikunje kwa nguvu, usikilize kama gundi inaachia karibu na vidole vya mguu. Ikifaulu, ivae wiki kadhaa, hadi sokoni na kanisani, kabla ya Elgon. Kata kucha za miguu fupi kabla ya siku ya tatu.

Mengine kwa haraka: koti la mvua, sweta mbili, kofia ya sufu, tochi ya kichwani, chupa ya maji ya kudumu kwani zile za plastiki za kutupa hazikubaliwi, na fimbo zenye mpira nchani ili zisichubue mawe. Njugu karanga na simsim za kwetu hufaa kuliko chokoleti. Utapewa chai ya majani ya koka, ambayo ni halali Peru. Inywe huko huko, usirudi na hata jani moja, kwa maana hapa Kenya ni kosa la jinai.

Kibali na makaratasi

Serikali ya Peru huruhusu watu 500 kwa siku kwenye njia hiyo, na wapagazi na waelekezi wamo katika idadi hiyo. Hakuna anayeruhusiwa kwenda bila kampuni iliyosajiliwa huko, nasi hufanya kazi na kampuni za aina hiyo. Kibali hutolewa kwa jina na nambari ya pasipoti, hakiuzwi wala kuhamishiwa mtu mwingine. Kama pasipoti yako inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza, ndipo tununue kibali. Vya Mei hadi Agosti, wakati wa kiangazi, huisha miezi mingi kabla. Februari njia hufungwa kwa ukarabati, ingawa Machu Picchu yenyewe hubaki wazi.

Cheti cha homa ya manjano kinakufaa maisha yote, lakini huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo. Hakuna ndege ya moja kwa moja, kwa hivyo tunakagua pia kama nchi unakobadilishia ndege inataka visa ya kupitia.

Kama mwinuko umekukataa, au unataka kumpeleka mzazi, kuna njia fupi inayoanzia Kilometa 104. Inapita Wiñay Wayna na kuingia Machu Picchu kupitia Inti Punku, yaani Lango la Jua, bila kuvuka mita 2,800. Anayepitia huko huona lango lilelile ambalo wenzake wa siku nne hulifikia baada ya kuamka saa tisa usiku.

Ombi moja ambalo si la lazima: kabla ya kusafiri, pitia Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori. Kuta zile zilijengwa kwa mawe makavu, bila udongo wala saruji, na tangu 2018 zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mawe yake hayakuchongwa, yalichaguliwa na kufumwa yashikane. Mafundi wa Inca, katika karne ya 15, waliyachonga yao hadi yakakaa pamoja bila chokaa. Ukishaelewa jinsi ukuta wa Migori unavyosimama, utautazama wa Machu Picchu kwa jicho la mtu anayejua anachokiona, na tungependa kila mteja wetu afike huko hivyo.

Tunapanga makundi ya Elgon katika miezi mikavu, Desemba hadi Machi, ili anayetaka kwenda Peru msimu wa kiangazi chao apate jibu la mwili wake mapema. Anayelenga Mei au Juni aje katika kundi la kwanza, la Desemba. Daktari akikuzuia, au wewe mwenyewe ukiamua kuacha kabla kibali hakijanunuliwa, unalipia Elgon peke yake. Fika ofisini na pasipoti, cheti cha homa ya manjano na majibu ya kipimo cha selimundu. Buti pia zilete, tuzibonyeze soli pamoja.