Harusi tatu mwezi mmoja, na mashua imevutwa pwani

Shangazi, asalaam aleikum, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Langoni hapa Lamu. Mume wangu ni nahodha wa mashua ya wageni. Huwapeleka Manda kutazama magofu ya Takwa, huenda nao kuvua, huwarudisha jua likitua. Kazi hiyo ina misimu yake. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, tunakula vizuri. Kusi ikiingia bahari huchafuka, wageni hupungua, mashua huvutwa pwani. Hayo tumeyazoea tangu kwa babu zake. Ambalo hatukulizoea ni kaskazi kupita nayo ikawa kavu. Safari hii wageni walikuwa wachache, na waliokuja walikodi mashua kwa saa mbili badala ya kutwa nzima. Tumeingia kusi na shilingi 19,000 tu.

Wewe unajua maisha ya kisiwani. Gunia la mchele linatoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, linashushwa, linapakiwa chomboni, linavuka, halafu linabebwa na punda au hamali mpaka dukani. Kila mkono unaoligusa una ujira wake. Kwa hivyo VAT ya petroli ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai 2023, sisi tuliilipa mara mbili: kwenye injini ya mashua, na tena kwenye kila kilo ya sukari. Mapema 2024 dola ilipofika karibu shilingi 160, muuza duka alituambia mchele wa Pakistan umepanda kwa sababu ya dola. Dola ikashuka mpaka karibu 130. Mchele haukushuka nayo, na nilipomuuliza alinyamaza.

Nikaona kulia hakusaidii, nikanunua daftari. Miezi mitatu niliandika kila shilingi iliyotoka nyumbani, hata ya kiberiti na ya pipi za mtoto. Shangazi, niliyoyaona yalinishtua. Mafuta ya kula nilikuwa nikinunua ya kupimiwa, ya shilingi 50 asubuhi na ya 50 jioni, nikiamini hivyo ndivyo kubana matumizi. Kwa wiki tatu yalikuwa yakinila 2,100. Sasa tumeungana nyumba nne, tunanunua dumu la lita 20 na kugawana lita tano tano, na kila nyumba inatoa 1,400 kwa muda uleule. Maharage na mbaazi naziroweka usiku ndipo niziweke motoni, na gunia la mkaa limeanza kunivusha mwezi. Samaki nawangoja pwani jioni, mvuvi akishauza wale wakubwa kwa wenye mahoteli, nachukua tafi na changu wadogo kwa bei ya kupatana.

Lililoniuma zaidi ni mikopo ya simu. Mume wangu alikuwa akikopa 500 leo, 300 kesho, mara ya bando, mara ya kuongezea petroli. Kila pesa iliyoingia ilikatwa kabla hatujaiona. Nilipojumlisha ada za mikopo ile kwa miezi mitatu nikapata 2,340, na hazikununua hata kibaba cha unga. Nilimwonyesha daftari bila kumgombeza. Alikaa kimya, akafunga mkopo ule, na mpaka leo hajaurudia. Namshukuru kwa hilo.

Si kila nililojaribu lilifaulu. Niliposikia kununua kwa jumla ni nafuu nilinunua gunia zima la unga wa ngano. Na joto letu hili, na unyevu wa masika, fukusi waliniwahi, nikamwaga karibu robo yake. Tangu siku ile nanunua kwa jumla kile kisichoharibika tu: sabuni, mafuta, chumvi, sukari kama nina chombo chenye kifuniko cha kubana. Nalitaja kwa sababu huenda kuna msomaji mwingine anayejiandaa kufanya kosa lilelile.

Basi nyumba nimeishika. Ninalokuandikia liko nje ya nyumba.

Kwetu harusi hujazana Mfunguo Mosi, watu wakishatoka Ramadhani, na miaka hii Mfunguo Mosi unaangukia masika, kusi ikibisha hodi. Nimealikwa harusi tano. Mbili nitaombea dua na kupeleka sinia ya mahamri. Tatu siwezi kuzikwepa: moja ya binti wa wifi yangu mkubwa, moja ya mtoto wa somo yangu, moja ya jirani wa ukuta kwa ukuta. Kila harusi ina sare. Ya wifi ni dera na mtandio, 2,200. Ya somo ni 1,800, ya jirani ni leso na kitambaa cha kichwa, 1,500. Jumla 5,500. Michango nayo ni 3,000 kwa wifi na 2,000 kwa kila mmoja wa hao wawili, yaani 7,000. Hina sijaitia hesabuni.

Sasa angalia, Shangazi. Kwenye zile 19,000, ada ya watoto ya muhula wa pili ni 9,500. Mashua inahitaji kalfati, yaani kuzibwa nyufa kwa pamba, na sifa, yale mafuta ya samaki, na shahamu ya kupaka chini, si chini ya 8,000. Tusipoikalfati sasa ikiwa juu, itateremka maji na nyufa zake na msimu ujao tutakuwa tukifua maji badala ya kubeba wageni. Nikitoa michango na sare zote, nabaki na 6,500, hata ada haitimii. Nikitoa michango peke yake, nabaki na 12,000: ada inalipwa, inabaki 2,500 ya kuanzia pamba na sifa, na mengine tutayatafuta kidogo kidogo kabla ya Novemba.

Kwa hivyo kilichosimama kati yangu na ada ya watoto ni sare. Na nimeifikiria sana tofauti yake na mchango. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniachia daftari lake. Ndani yake ameandika waliotutunza kwenye harusi yangu: nani alileta shuka, nani sufuria, nani alitoa mia mbili. Jina la wifi limo, na ndiye aliyenisinga, kunisugua manukato ya bibi harusi, kwa mikono yake siku saba. Ndege za abiria kutoka nje zilipozuiwa mwishoni mwa Machi 2020 mpaka Agosti, na mume wangu hakupata hata mgeni mmoja, ni wifi huyuhuyu aliyekuwa akituma mwanawe jioni na unga na vipande vya nguru, bila kuuliza. Akiba yetu ya pesa iliisha ndani ya miezi miwili, ya wifi ndiyo iliyotulisha. Kwa hivyo mchango ule siuhesabu kuwa matumizi. Nauhesabu kuwa deni la heshima, na tena akiba, kwa sababu nina binti wa miaka 13 na iko siku yake.

Lakini dera halimfikii bibi harusi. Pesa yake inakwenda kwa muuza kitambaa na fundi, linavaliwa usiku mmoja, na harusi ijayo halifai kwa sababu rangi ni nyingine. Ninayo manne sandukuni ya mwaka jana pekee.

Nilijaribu kusema. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wanawake wa ukoo niliandika kwa adabu zote kwamba kwa kuwa hali ya mwaka huu ni ngumu kwa kila nyumba, je, hatuwezi kuchagua leso moja tuivae harusi zote tatu? Watu 38 walisoma. Hakuna aliyejibu mpaka asubuhi, na aliyejibu alituma picha ya kitambaa kipya. Baadaye wawili walinijia chemba wakaniambia nimesema yaliyo moyoni mwao, lakini nisiwataje.

Mume wangu anasema nifanye nitakaloona sawa. Mavyaa, mamake mume wangu, amesema maneno mafupi: "Mwanangu, usinitie aibu kwa wanangu." Nampenda, na ameniheshimu miaka yote, ndiyo maana maneno yale hayanitoki.

Nilichofikiria ni kwenda kwa wifi ana kwa ana, na bahasha ya 3,000 mkononi, nimwambie ukweli wa ada na mashua, nimwombe nije na leso yangu ya zamani, na badala ya sare nimpe mikono yangu: nishinde jikoni kwake siku mbili, nipike biriani, nikunie nazi. Kupika najua. Ila naogopa mambo mawili. Kwamba ataona namfanya mnyonge katika siku yake ya furaha, na kwamba akisema "usijali, nitakununulia mimi," nitakuwa nimemwongezea mzigo mama wa harusi.

Nishauri, Shangazi. Niende kwake mwenyewe au nimtume mavyaa? Niende kabla ya kutoa mchango au baada? Na binti yangu, ambaye amesikia yote haya, nimwambie nini akiulizwa na wenzake mbona mama yake hakuvaa sare? Sitaki ajifunze ubahili, na sitaki ajifunze kukopa kwa ajili ya nguo.

Ukiweza nijibu mapema. Pesa za sare zinatakiwa Alhamisi.

Mama Watatu,
Langoni, Lamu