Yah: Mkoba mlioniuzia kuwa ni ngozi, na nilivyopekuliwa dukani kwenu Mikindani

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima zote ingawa heshima yenyewe nusura niiache juu ya kaunta yenu Jumamosi iliyopita. Utaratibu wenu wa kurudisha mali mnaujua, mmeubandika wenyewe ukutani pale juu ya feni, siurudii.

Nianze na lililonileta. Msimamizi wenu wa duka alinimwagia pochi yangu yote kaunta mbele ya wateja. Pochi yangu nasema, sio ule mkoba niliokuja kuulalamikia. Kisa holda ya funguo ya elfu nane haionekani kwenye kibao. Kaniambia "dada hebu pochi", mie nikajua anataka risiti nikamsogezea kwa mkono wangu mwenyewe, jamaa akaishika kichwa chini miguu juu akaikung'uta kama anatoa mchanga. Dawa za presha, mswaki, leso, korosho nilizonunua stendi na pedi zangu mbili, vyote vikalala juu ya kioo. Holda haikuwepo. Ilikuwa imeangukia nyuma ya kibao, binti wa mauzo ndiye aliyeiona, akairudisha kimyakimya na hakuna aliyesema hata pole.

Sasa mkoba. Mwezi wa kumi na mbili tulikuja familia kutembea, tumepanda mpaka Boma la Mjerumani, watoto wamepiga picha, tukashuka kwenu kutafuta zawadi ya kurudi nayo Nachingwea. Mkoba wa mama mkwe elfu tisini na tano, mkanda wa mume wangu elfu thelathini na tano. Kilebo kimeandikwa ngozi halisi ya ng'ombe, imeshonwa kwa mkono. Nikauliza mara mbili, hii ngozi kweli? Nikaambiwa mama nusa mwenyewe. Nikanusa, inanukia kweli. Kumbe harufu nayo inapuliziwa tu, mwalimu mzima nikaingia mkenge.

Mama mkwe akaenda nao harusini Masasi mwezi wa kwanza, mvua ikamkuta anashuka kwenye gari. Hata mvua kubwa haikuwa. Mpaka anafika ukumbini mkanda wa begani umeanza kubambuka vipande vipande, ule weusi umehamia kwenye gauni lake la njano, na chini ya huo weusi kinaonekana kitambaa cheupe kama bandeji. Kanirudishia umefungwa kwenye kanga, hakusema kitu. Wenye mama wakwe wanaelewa, bora angesema.

Nikaupeleka kwa fundi viatu wa hapa sokoni. Mzee wa watu hakuongea sana, akakata kipande chembamba pembeni akakiwashia kiberiti, kikayeyuka kikawa tone jeusi, harufu ya ndoo ya plastiki inayoungua. Halafu akakata kidogo kwenye ule mkanda wa mume wangu akachoma, ukajikunja tu, harufu ya nywele zilizoungua. Akasema mwanangu hii ndiyo ngozi, ile ni plastiki iliyobandikwa kwenye kitambaa. Na mshono wa mkoba je? Akavuta uzi mmoja kwa ncha ya msharasi, mshono wote ukafumuka mpaka kwenye kona. Akanieleza fundi wa mkono anapitisha sindano mbili kwenye tundu moja, uzi ukikatika huku ule mwingine bado umeshika, huu wenu ni cherehani tupu. Kwa hiyo ngozi mnaijua vizuri sana, mkanda ni ngozi! Mmechagua tu nani wa kumpa nini. Mngeniambia ni plastiki ya elfu ishirini labda ningenunua hivyo hivyo, ulikuwa mzuri machoni sikatai.

Ndio nikapanda basi la alfajiri, Mnazi Mmoja nikabadilisha gari, nikafika kwenu karibu saa saba mchana. Msimamizi akaushika mkoba kwa vidole viwili akasema huu sio wetu, vilebo siku hizi watu wanabandua. Nikamwonyesha meseji ya malipo ya lipa namba. Akasema hiyo inaonyesha umelipa, haionyeshi umenunua nini. Risiti siku ile mliniandikia kwa kalamu kwenye kikaratasi, mkidai mashine haina mtandao, na bidhaa hamkuandika. Hapo ndipo holda ikapotea ghafla.

Narudia hili maana nahisi hamjalielewa. Walikuwepo wanaume watatu pale kaunta, na wageni wawili wazungu. Pedi moja iliteleza ikaenda kusimama karibu na kiwiko cha mwanaume mmoja, akageukia ukutani kwa aibu, aibu yangu mimi kaibeba yeye. Kopo la dawa likafunguka vidonge vikabingirika mpaka sakafuni, na aliyeinama kuniokotea ni yule mama wa kizungu, anaokota kimoja kimoja ananiwekea kiganjani, anasema "pole, pole". Mgeni kajua kusema pole! Msimamizi wenu kashika kiuno anaangalia. Nikamuuliza kaka yangu, mama yako ungemfanyia hivi? Akajibu, "Mama yangu hanunui vitu asivyojua kutunza." Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza.

Nilipotoka nyumbani nilikuwa nataka elfu tisini na tano yangu tu. Sasa nataka hiyo, na nauli ya kwenda na kurudi, na gauni la mama mkwe. Na huyo msimamizi aniombe msamaha palepale kwenye kaunta, wateja wakiwepo, sio kwa simu. Hela bila msamaha msinitumie, nitairudisha.

Nawapa siku saba. Zikipita naenda Tume ya Ushindani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, nimeisoma mwenyewe. Na TRA nao nitawapelekea kile kikaratasi cha kalamu, mtawaeleza wao habari za mtandao. Nilijisemea moyoni sitafika huko lakini nikikumbuka vile vidonge sakafuni naona hata siku saba ni nyingi, basi ziwe tano.

Mkoba ninao, sijautupa. Lile tone alilochoma fundi nimelikunja kwenye karatasi nimelitia humo humo ndani. Namba yangu ni ileile iliyolipia.

Mteja wenu,
Mwalimu, Nachingwea