Barua ya wazi kwa Burgumestre wetu: kifusi kiondolewe mferejini

Mheshimiwa Bwana Burgumestre wa komini yetu, hapa Lubumbashi,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazokustahili. Nilifika ofisini kwako nikaambiwa uko mkutanoni. Nikarudi; mkutano ulikuwa haujaisha. Basi nakuandikia mbele ya watu wote.

Usiku wa kuamkia Jumapili maji yaliingia kwangu mpaka juu ya godoro. Unga wa bukari wa mwezi mzima umelowa, na mtoto anakohoa. Mvua haikuwa ya ajabu, za Novemba tunazijua. Mfereji ndio umeziba.

Waliobomoa ile nyumba ya enzi za Wabelgiji pale kona, wapate kupandisha ghorofa, wamemwaga kifusi humo. Nondo ziliondoka kwanza, maana chuma kina bei. Matofali mazima yakauzwa. Visivyo na mnunuzi, yaani lipu, mabonge ya zege na choo kilichopasuka, tumeachiwa sisi. Kamyo inakuja usiku imezima taa, inamwaga, inaondoka. Labda kuna anayelipwa afumbe macho. Labda dereva anabania mafuta tu, kwa kuwa mpaka leo hakuna aliyemwonyesha mahali pa kumwaga. Mahali hapo ulituahidi wewe mwenyewe siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ukiwa umeshika koleo. Picha ilitoka vizuri sana.

Ndani ya kifusi kuna vipande vya kijivu vya paa la zamani. Watoto wanavivunja na kuchorea barabarani. Kama ni asbesto, vumbi lake likikaa mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Nani amepima? Watumishi wako walikuja, ndiyo: walimtoza faini mama muuza mihogo kwa sababu ya maganda, ambayo mbuzi wangeyamaliza kabla ya saa sita. Kifusi wakakiruka.

Hatukatai watu wajenge. Zege na matofali yaliyovunjika yakipondwa yanafukia mashimo ya barabara, na mashimo, namshukuru Mungu, hatujapungukiwa.

Lakini sikuombi barabara leo, wala mkutano mwingine. Kibali cha ghorofa hakikushuka kutoka mbinguni, kwa hiyo mwenye jengo anajulikana. Mwite aje na kamyo yake, mchana, akizoe kifusi chake. Akizoe kabla mvua nyingine haijanyesha. Hilo tu, Bwana Burgumestre: akizoe.

Mimi mkaaji wako,
Mama wa avenyu ya bondeni