Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya vijana: fedha ziwafuate vijana waliko

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Moshi. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo takwimu za Serikali yenyewe zimeliweka bayana lakini taratibu za kuwasaidia vijana bado hazijalizingatia: vijana wanahama, na fedha zilizotengwa kwa ajili yao haziwafuati.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012, sawa na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Wastani huo hunukuliwa kila panapojadiliwa vijana, nao unaficha mengi. Mwaka 2012 Kilimanjaro ilikuwa na watu 1,640,087 na Arusha 1,694,310, mikoa miwili iliyokaribia kulingana. Miaka kumi baadaye sisi tulikuwa 1,861,934 na wenzetu 2,356,255, tofauti ya karibu watu laki tano.

Ni kweli kwamba uzazi wa huku uko chini ya wastani wa Taifa, lakini hiyo ni sehemu tu ya maelezo. Atakayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Marangu ataona sehemu nyingine kwa macho. Kwa desturi ya Kichagga, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kilirithiwa na mtoto wa kwanza wa kiume na kitinda mimba, na wa katikati wakaenda kufyeka mapori mapya. Leo mapori hayo hayapo, na kihamba chenyewe kimegawanywa hadi kubaki nyumba, makaburi ya wazee, migomba michache na mistari miwili mitatu ya kahawa isiyoweza kulipa ada ya mtoto mmoja. Kijana anayemaliza shule pale hana cha kugawiwa, hivyo hushuka Arusha au Dar es Salaam. (Laiti sensa ingefanyika wiki ya Krismasi, waliohama wakiwa wamerudi kwao, Kilimanjaro ingeonekana imefurika.)

Sasa tazama chombo kikuu tulicho nacho. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na nashukuru imerejea. Hata hivyo, kipimo chake ni makusanyo ya halmashauri, wala si idadi ya vijana waliomo. Halmashauri yenye hoteli na masoko makubwa hupata fungu nono, na ile yenye vijana wengi na ushuru wa mazao pekee huambulia kidogo. Aliyehama hukosa kote kuwili. Kijana wa Same aliyepanga chumba Unga Limited, jijini Arusha, na kuuza mitumba hana kikundi cha watu wanaomfahamu vya kutosha kudhaminiana naye, na akihama chumba kufuata kodi nafuu huanza upya kwa mtendaji wa mtaa mwingine. Kijijini kwao alikwishafutwa katika hesabu ya walio karibu.

Najua mikopo hii iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, lakini sera ya vijana ni yako. Naomba mambo mawili. Kwanza, sehemu ya ile asilimia nne iingizwe katika mfuko wa pamoja na kugawanywa kwa idadi ya wenye umri wa miaka 15 hadi 35 katika kila halmashauri, kama ilivyohesabiwa na sensa. Pili, kijana aruhusiwe kuhama na historia yake ya kukopa na kurejesha, badala ya kuhesabiwa mgeni kila anapovuka mpaka wa wilaya.

Muda si mwingi. Elimu ya msingi inapofupishwa kuwa miaka sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027 na kuingia kidato cha kwanza mwaka 2028. Wizara ya Elimu inawapangia madarasa. Mwishoni mwa 2031 watoto haohao watamaliza kidato cha nne kwa mkupuo mmoja, na wengi watashika njia ya mjini. Majina yao tayari yamo katika rejesta za shule, kwa hiyo hesabu ya kila wilaya inaweza kuanza kufanywa sasa, kabla ya bajeti ijayo kupelekwa bungeni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Moshi