Barua kwa mwanangu anayekwenda kununua asali Sikonge

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimefurahi sana kusikia umekata shauri kwenda Sikonge kufanya kazi ya asali, na kwamba unataka kazi hiyo iwe utumishi wako. Wachungaji watakufundisha kuomba na kushuhudia. Mimi nakuandikia habari za mizani, ndoo na hela, maana hapo ndipo watu watakapokusoma kabla hawajakusikia ukilitaja jina la Yesu.

Anza na kipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 28 hivi. Mlanguzi akimwambia mrina asali kuwa ndoo ni kilo ishirini, amemla kilo nane mchana kweupe. Wewe pima ndoo tupu kwanza, andika, kisha pima iliyojaa, utoe. Mizani ya kuning'iniza ifunge kwenye boriti au tawi gumu, usiishike mkononi, na hakikisha mshale umerudi kwenye sifuri kabla ya kila ndoo. Mwenye asali asimame upande wa namba, asome mwenyewe. Kama hajui kusoma, aitwe mtoto wake wa shule asome kwa sauti. Mithali 11:1 inasema Mungu anachukizwa na mizani ya hadaa, na asali inapimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Baada ya uzito, angalia maji. Asali njema ina maji chini ya asilimia 20. Ikizidi hapo chachu huamka, asali hutoa povu, hunuka pombe na kuinua mfuniko wa ndoo. Kifaa cha kupimia kinaitwa refraktomita: unaweka tone moja kwenye kioo, unafunika, unatazama kwenye mwanga na kusoma mstari. Usichukue tone la juu peke yake. Asali yenye maji mengi ni nyepesi na hupanda juu, kwa hiyo koroga ndoo taratibu au pima juu na chini. Futa kioo kwa kitambaa chenye maji na ukikaushe kabla ya ndoo inayofuata, la sivyo utamwonea mwenye ndoo hiyo.

Ukikuta asali yenye maji asilimia 23, usiinunue kwa bei ya kutupa ukaimimine kwenye pipa la asali nzuri. Itachachusha pipa lote, na mteja wako wa Tabora mjini hatarudi. Lakini pia usimrudishie mtu ndoo yake ukaondoka. Kaa naye umweleze. Mara nyingi amerina mapema, sega likiwa bado halijazibwa kwa nta. Mwambie akate sega lililozibwa angalau robo tatu, lenye majana, yaani watoto wa nyuki, aliache mzingani, na asirine mvua ikinyesha. Ndoo ifunikwe muda wote, kwa sababu asali huvuta unyevu wa hewa. Na isiwe ndoo iliyowahi kubeba rangi, mafuta ya taa au dawa ya tumbaku, hata ikioshwa mara ngapi. Kumfundisha mtu hivyo, msimu ujao akapata bei kamili, ni huduma, mwanangu, hata kama hukufungua Biblia siku hiyo.

Mwenge wa moto wa kufukuzia nyuki wakati wa kurina nao utauona. Unaua nyuki, unaipa asali harufu ya moshi, na cheche zake huwasha msitu. Bomba la kufukizia moshi lenye majani makavu linatosha, mapuliza machache mlangoni, halafu mtu anasubiri. Mizinga ya magome nayo inaumiza miti: mti ukibanduliwa gome pande zote unakufa. Anayetumia mizinga ya mbao mpe upendeleo unaoonekana, mathalani umlipe papo hapo au umpelekee ndoo safi. Nta usiiache itupwe. Masega yaliyokamuliwa yachemshwe na maji kwenye sufuria ya alumini, si chuma kinachoingia kutu maana nta itageuka rangi, kisha yachujwe kwa gunia na kuachwa yapoe. Wanawake wengi wanaweza kupata kipato chao hapo.

Sasa habari ya kuhubiri. Usihubiri kwenye mizani. Mtu anayesubiri hela iliyo mkononi mwako hana uhuru wa kukukatalia. Ataitikia amina ili apate malipo, na wewe utajidanganya kuwa umevuna. Wengine utakaonunua kwao ni Waislamu. Ijumaa usiwaweke watu kwenye foleni saa ya swala. Maliza hesabu, lipa, andika. Mtu akikukaribisha kwake jioni na akauliza kwa nini hukumpunja, hapo mjibu wazi, kwa unyenyekevu, bila kuificha imani yako. Na serikali ya kijiji iambie tangu mwanzo kuwa wewe ni mnunuzi wa asali na ni Mkristo. Biashara ikiwa kisingizio cha kuingilia kijijini, siku ikijulikana watu watalitilia shaka kila neno lako.

Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, Matendo 18:3, na kwa Wathesalonike alisema alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Hata Wamoravian, ambao kanisa lao utalikuta huko Sikonge, walianza hivyo: mwaka 1732 walimtuma Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani.

Jambo linaloua kazi hizi kuliko yote ni mtaji kuliwa na huruma. Mtu atakuja njaa ikiwa kali, akitaka umlipe asali ikiwa bado mzingani, kwa nusu bei. Usikubali hiyo nusu bei. Huo ndio mtego wa walanguzi, na msimu ukifika anakuta ameshakula jasho lake. Kama unataka kumsaidia, mpe sadaka isiyodaiwa, itoke kwenye faida, kwa kiwango ulichokipanga mwanzo wa mwezi. Hela ya kununulia asali ikae mfuko wake, haiguswi hata kwa mchango wa kanisa. Ukifilisika utaondoka, na utawaacha watu na ndoo zisizo na mnunuzi.

Daftari liwe la nakala mbili na karatasi ya kaboni: jina, kilo, asilimia ya maji, bei, saini au dole gumba. Nakala moja abaki nayo yeye. Ushuru wa halmashauri lipa na uchukue stakabadhi, na vibali vya mazao ya nyuki vikae ndani ya gari kabla ya kufika kwenye kizuizi cha barabarani. Usitoe hongo hata ukicheleweshwa hadi jioni. Kabla hujatoka mjini, peleka mizani Wakala wa Vipimo ikakaguliwe na kugongwa muhuri wa mwaka huu.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako,
Tabora