Mdogo wangu, walikataa

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu tubishane kwenye simu kuhusu marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maneno yako hayajanitoka: "Wangekataa. Uwanja uliotengewa watu kwa rangi yao si wa kujivunia." Siku ile sikuwa na jibu. Jumamosi nikaendesha gari kutoka huku Georgia mpaka Tuskegee, Alabama, nikatembea Moton Field, uwanja wa ndege walikoanzia mafunzo, kwa miguu yangu.

Ujue kwanza kwamba hukuwa wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 1941, jeshi la Marekani lilipokubali kuwafundisha weusi urubani wa kivita, lakini kando, kwenye kikosi chao peke yao, NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, walipinga utengano huo. William Hastie, mwanasheria mweusi aliyekuwa mshauri wa Waziri wa Vita, alijiuzulu Januari 1943 kwa sababu ya ubaguzi katika jeshi la anga. Namheshimu sana kwa hilo.

Lakini Moton Field haikuwa zawadi ya jeshi. Chuo cha Tuskegee, chuo cha weusi, kilikopa dola 175,000 kutoka Mfuko wa Rosenwald, shirika la hisani, kikajenga uwanja wake. Mwalimu mkuu alikuwa Alfred Anderson, mtu aliyelazimika kununua ndege yake mwenyewe ili ajifunze kuruka, maana hakuna aliyetaka kumfundisha. Machi 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alifika Tuskegee akaomba Anderson amrushe. Walinzi wake hawakutaka kabisa. Akapanda, wakazunguka angani, akashuka anacheka. Picha yao ndani ya ndege ile ninayo kwenye simu, nitakutumia.

Kwenye banda la ndege nilisimama muda mrefu. Ndege za kuanzia zilikuwa Stearman, zenye mabawa mawili, la juu na la chini, na viti vya wazi, upepo wote usoni. Darasa la kwanza lilianza na watu 13 Julai 1941. Machi 1942 waliovishwa beji ya mabawa ni 5. Mmoja wao, Benjamin O. Davis Jr., alishamaliza miaka 4 West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, wenzake wakimnunia, hawamsemeshi ila kwa jambo la kazi.

Waliofaulu Moton walihamia uwanja mkubwa wa jeshi, maili chache kutoka pale. Humo ndani, miaka ya mwanzo, vibao viliwatenga weusi na weupe. Nilipofika hapo katika maelezo nilikukumbuka, na hasira yako nikaiona ni ya haki.

Mpaka 1946 karibu marubani 1,000 walikuwa wamehitimu, mbali na mafundi wa injini na wanawake waliokunja parashuti moja moja, wakijua kosa dogo ni uhai wa mtu.

Sasa sikiliza. Aprili 1945, kambi ya Freeman Field, Indiana, maofisa weusi 101 waliamriwa kutia saini kwamba wameisoma na kuielewa kanuni iliyowafungia klabu ya maofisa weupe. Wengi wao walikuwa wamepita Tuskegee. Walisomewa sheria: kukaidi amri wakati wa vita adhabu yake inaweza kuwa kifo. Hawakutia saini. Wakawekwa chini ya ulinzi, beji za mabawa zikiwa vifuani.

Makaripio waliyoandikiwa yalikaa kwenye majalada yao miaka 50, mpaka Jeshi la Anga lilipoanza kuyaondoa mwaka 1995.

Nipigie Jumapili, nina hamu ya kusikia utasemaje.

Kaka yako